Mikunjo Sabini na Miwili

Mikunjo mia moja na ishirini ilikwisha kwa dakika nne.

Tharcisse Kabeya hakuiharibu kwa ubaya. Aliikuta kofia ya kitani juu ya meza, nyeupe, ukingo wake umekunjwakunjwa kama tumbo la uyoga, akadhani imejikunja kwa kukaa sana sandukuni. Akairashia maji, akaipiga pasi ya makaa upande wa nje, kisha upande wa ndani, kisha mshono kwa mshono, mpaka ikalala kama karatasi ya daftari. Ndivyo alivyolelewa. Kwao Lubumbashi kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Ukivaa nguo hiyo bila kuipitisha motoni, baada ya wiki una jipu, na ndani ya jipu kuna funza. Basi kwao kila kitu hupigwa pasi: soksi, chupi, taulo, nepi. Mkunjo mmoja ukiachwa, ni mlango umeachwa wazi. Brussels hakuna nzi huyo, na Tharcisse ameishi Brussels miaka ishirini na miwili, lakini mikono yake haijapata habari.

Hilde aliingia na ndoo ya makaa. Akaiona kofia. Akaketi juu ya kikapu cha nguo bila kuangalia kama kina kifuniko.

"Wiki tatu," akasema. "Mkunjo kwa mkunjo. Kwa kucha zangu."

Hilde alikuwa mwalimu mstaafu, Mflamandi mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, na ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo yote ya Ter Wilgen. Hii ni nyumba kubwa ya shamba ya matajiri wa zamani, pembeni mwa mji kupita Woluwe, na watu wanaiita château, yaani kasri, ingawa haina mnara hata mmoja. Jumapili moja kwa mwaka watu wa kujitolea kama thelathini huvaa nguo za mwaka 1911 na kuishi humo mchana kutwa kama watu wa wakati ule. Mmoja ni bwana wa nyumba, mwingine mpishi, mwingine mtunza farasi, na farasi yupo kweli. Wageni hupita vyumbani wakiuliza maswali. Sharti ni moja: usiutoke mwaka wako. Mgeni akikuuliza kuhusu televisheni, wewe hujui televisheni. Simu zote huachwa mlangoni kwenye kikapu.

Tharcisse alifika huko mwaka uliopita akiwa mgeni tu, yeye na mkewe Michelle, baada ya misa. Kwenye chumba cha nguo waliwakuta akina mama watatu wa 1911 wakikohoa ndani ya moshi. Walikuwa wameijaza pasi makaa mpaka juu na kuifunga, nayo ilikuwa inakufa. Tharcisse alisimama akiangalia kwa heshima, dakika moja, mbili. Ya tatu ikamshinda. Akaichukua pasi, akatoka nayo mlangoni, akaibembeza mbele na nyuma mpaka majivu yakaruka na makaa yakawa mekundu, akarudi akailamba kidogo ncha ya kidole, akagusa chini ya pasi, ikalia tss. Akapiga shati. Wageni wakaacha kwenda jikoni kwenye keki.

Hapo Hilde akamwandika. Lilikuwa jambo gumu kwake, maana alikuwa amesoma makaratasi yote ya nyumba ile na hakuna mwanamume aliyewahi kupiga pasi humo, sembuse mwanamume kutoka Katanga. Lakini hakuna mwingine aliyeijua pasi. Akampa karatasi yenye maisha mapya, ya Mbelgiji: *Gustave, amezaliwa Ninove, mtoto wa mfuma vikapu.* Tharcisse aliikariri kwenye tramu mwaka mzima. Michelle alikuwa akimwamsha asubuhi kwa kusema, "Gustave wa Ninove, kahawa iko tayari."

Sasa ilikuwa Ijumaa, Jumapili inakuja, na kofia ilikuwa ya Hilde mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye huwa msimamizi wa watumishi wa nyumba.

"Nadhani Jumapili uwe parking," Hilde akasema. Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Tunahitaji mtu wa kuelekeza magari. Kuna gileti ya njano, kizibao cha kuvaa."

Gileti ya njano. Tharcisse alikuwa nazo mbili nyumbani, moja ya kazi ya barabara, moja ya ghala la maboksi, kutoka miaka yake ya kwanza. Baada ya hapo alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na hapo amezeeka. Huko mashuka hupita kwenye mashine ndefu kama basi. Yeye hushika pembe mbili, mwenzake pembe mbili, mashine inavuta. Siku asipokuja, mashuka hunyooka vilevile. Kwenye mji huu mzima, ni kwenye chumba kile kimoja cha Ter Wilgen tu watu walisimama kuitazama mikono yake.

"Madame Hilde," akasema, "niachie mpaka Jumapili asubuhi. Nitairudisha mikunjo."

"Unajua namna ya kuikunja?"

"Hapana."

Hilde akamwangalia juu ya miwani. Kisha akaikunja kofia iliyonyooka, akamkabidhi. "Saa nne kamili. La sivyo, parking."

*

"Donc," Michelle akasema jioni ile, ameishika kofia kwa vidole viwili, "umeharibu kofia ya muzungu."

"Sikuharibu. Nilinyoosha."

"Muntu anapamba keki yake vizuri, we unakuja unaikalia, unasema umenyoosha."

Michelle akaweka kofia juu ya friji, mbali na mchuzi.

"Mi sielewi, Tharcisse. Mashati ya mutoto wako Hervé hupigi tena pasi, unasema umechoka na kazi. Lakini bazungu wenye walikufa zamani, bale unawapigia bure. Parking iko na shida gani? Parking haina moshi."

"Kule parking niko nani?"

"Na kule ndani uko nani? Gustave." Akacheka, kisha akamwona uso wake, akaacha. Akakaa. "Bon. Muulize papa yako. Yeye njo anajua hii mambo."

Michelle alikuwa amesema jambo ambalo nyumba ya akina Kabeya haikuwahi kulisema.

Kila mtu kwao alijua kwamba mzee Anaclet, kabla ya kuingia kwenye reli, alifanya kazi kwa Wazungu, Élisabethville, jina la Lubumbashi la wakati ule. Alikuwa lavadère, mfuaji na mpiga pasi wa nyumba. Wote walijua, hakuna aliyeuliza. Tharcisse akiwa na miaka kumi, mtoto mmoja shuleni alimwita mtoto wa boy, yaani wa mtumishi wa Wazungu, na Tharcisse akampiga mpaka akapoteza jino. Aliporudi nyumbani na shati limechanika, baba yake hakumuuliza walipigania nini. Alilichukua shati, akalishona, akalipiga pasi, akamrudishia. Baba huyohuyo kwenye reli alikuwa akiwafokea watu mpaka treni zinaogopa, na parokiani hakuna aliyethubutu kukaa kwenye benchi lake. Lakini ile miaka mitano ya Élisabethville ilikuwa kama chumba kilichofungwa, na ufunguo alikaa nao mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Tharcisse akampigia simu ya video. Mzee ana miaka themanini na saba, anaishi na Nuru, dada yake Tharcisse, na ni Nuru anayeshika simu. Kwa hiyo kwa kawaida huonekana sikio.

"Jambo, papa. Mulilala muzuri?"

"Tuko," sikio likasema. "Huko baridi?"

"Kidogo. Papa, niko na shida na nguo. Kofia ya mwanamuke, ya zamani, iko na mikunjo kidogo kidogo kwa uso. Nimeipiga pasi, yote imekufa."

Simu ikatikisika. Uso wa mzee ukaonekana wote.

"Ulipiga pasi juu ya mikunjo?"

"Ndiyo, papa."

"Nani alikufundisha?"

"Ni nyinyi, papa."

Nuru akasikika akicheka nyuma ya simu. Mzee hakucheka.

"Nilikufundisha nguo za nyumba. Ile ni nguo ya kazi. Kitani ao pamba?"

"Kitani."

"Amidon gani, ile wanga?"

"Ya mahindi. Ya supermarché."

Mzee akafyonya. "Ya mahindi inavunjika. Tafuta ya muhogo. Huko Poto, kwa bazungu, muko na muhogo?"

"Iko, papa, kwa Matonge."

"Bon. Uko na kinga?"

"Kinga ya nini?"

"Kinga, vélo, baiskeli. Uko nayo ao hauna? Toa rayon zake, zile spoki, zote. Zote. Safisha na ndimu zisitoe kutu." Mzee akainua mikono miwili mbele ya simu, na Tharcisse akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Vidole vile vizee, vinavyotetemeka vikishika kikombe, vilikuwa vimetulia. "Kitani yako ikiwa na maji kidogo, si mingi, unalaza rayon moja, unapitisha nguo juu. Ingine, unapitisha chini. Juu, chini. Unasukuma zikamatane. Unafunga na uzi, unaacha ikauke kwa upepo. Kisha unavuta rayon moja moja, polepole, kama muiba wa samaki. Pasi haigusi. Umesikia? Haigusi."

"Nani aliwafundisha hii, papa?"

Swali lilikuwa limeshamtoka.

"Hakuna. Madame alikuwa na machine kidogo ya chuma ya ile kazi, alikuja nayo kutoka Gand, kwao Ubelgiji. Ikavunjika. Akaniambia, Anaclet, kesho niko na bageni, nataka mikunjo. Nikatoka inje, nikaangalia nini? Nikaangalia kinga yangu." Akashusha mikono. "Kinga mupya. Nilitembea kwa miguu siku tatu. Ikawa kila wageni wakija, mi natembea. Magurudumu mbili, rayon soixante-douze, sabini na mbili. Mikunjo ya Madame ilikuwa soixante-douze. Haikuzidi hata siku moja, juu kinga haina gurudumu ya tatu."

Tharcisse hakujua kama inafaa kucheka.

"Na hiyo kofia," mzee akasema, "ni ya nani?"

"Banacheza, papa. Banavaa kama zamani, batu banakuja kuangalia namna watu walikuwa wanaishi kwa nyumba kubwa."

"Théâtre."

"Kama théâtre."

"Na boy ni nani?"

Kwenye dirisha la Tharcisse njiwa mmoja alikuwa akitembea ukingoni, juu, chini.

"Ni mi, papa."

Mzee akaangalia pembeni, mahali ambapo simu haikufika. Kisha akasema, "Kesho unionyeshe mikunjo. À quinze heures, saa tisa, nikiamka," na Nuru akakata.

*

Baiskeli ilikuwa ya Hervé, kijana wao, anayepelekea watu chakula majumbani. Kwa bahati ilikuwa ile ya zamani, iliyo kwenye cave, stoo ya chini ya jengo. Hervé alilalamika hata hivyo. Michelle alimwambia anyamaze, babu yake alitembea siku tatu. Tharcisse akapanda basi mpaka Galerie d'Ixelles, kule Matonge, mtaa wa Wakongo, akanunua unga laini wa wanga wa muhogo kwa mama anayeuza pondu, yaani kisamvu, karibu na saluni, akarudi, akaupika mpaka ukawa kama uji mwepesi. Mchana mzima akakaa kwenye meza ya jikoni. Juu, chini. Mara ya kwanza spoki zikamponyoka zote, zikatawanyika sakafuni kwa kelele, akaanza upya. Mara ya pili wanga ulikuwa mwingi. Mara ya tatu Michelle, aliyekuwa akipita pita kama mtu asiyeangalia, akavuta kiti, akashika uzi.

"Sukuma," akasema. "Ile yako iko mbali na ya mwenzake."

Jumapili asubuhi walivuta spoki moja moja, mikono minne. Ukingo ulisimama.

Saa nne kasoro Hilde aliipokea kofia kwenye chumba cha nguo, akaipeleka dirishani. Alihesabu kwa ncha ya penseli, midomo ikisogea. Alihesabu mara mbili.

"Sabini na miwili."

"Ndiyo, madame."

"Ilikuwa mia na ishirini. Hii ni mikubwa mno. Hakuna picha hata moja ya 1911 yenye mikunjo kama hii."

"Si ya 1911," Tharcisse akasema. "Ni ya 1957. Élisabethville. Baba yangu alimkunjia hivi Madame mmoja wa Gand."

Hilde akaigeuza kofia mkononi. Mwalimu ni mwalimu, na mbele yake kulikuwa na kosa la miaka arobaini na sita. Tharcisse aliiona gileti ya njano imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kisha Hilde akaivaa kofia mbele ya kioo, akaifunga kamba chini ya kidevu, akageuza uso kushoto na kulia. Alipozungumza tena, ilikuwa sauti kavu ya msimamizi wa nyumba.

"Gustave, makaa yako yanapoa."

Tharcisse akatoka mlangoni kuibembeza pasi, na alipokuwa nje aliitabasamia bustani.

Watu walikuja wengi. Aliulizwa anatoka wapi, akasema Ninove, wakacheka, naye hakucheka, na kwa hiyo wakacheka zaidi. Simu haikuwa kwenye kikapu. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, na saa tisa na dakika tano ikalia.

Angeweza kuizima. Chumba kilikuwa na wageni kama kumi na watano, na sharti alilijua. Lakini mwanamume wa miaka themanini na saba alikuwa ameamka kwa ajili hiyo. Akaifungua, akaisimamisha kwenye chupa ya wanga. Baba yake alionekana mzima, amevaa koti la misa.

"Wapi mikunjo?"

Kabla Tharcisse hajajibu, Hilde alikuwa mlangoni. Aliona simu, aliona wageni wanaiona. Mtu mwingine angekasirika. Yeye akafanya jambo aliloliona la akili, akaiingiza simu ndani ya mchezo.

"Ah," akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ile kavu, akiinama mbele ya kioo cha simu na mikunjo yake yote. "Anaclet! Huyu ndiye mfuaji wetu wa zamani. Niambie, Anaclet, wanga unauacha ukauke muda gani?"

Alilipata wapi jina? Tharcisse mwenyewe alikuwa amemwambia asubuhi ile, kwa fahari.

Mzee akasimama. Akasimama kweli, kule Lubumbashi, na Nuru akainua simu kumfuata. Mikono ikashuka mapajani. Kidevu kikaingia kifuani.

"Oui, madame. Usiku mzima, madame. Kwenye upepo, madame, si juani. Pardon, madame."

Ilikuwa sauti nyembamba, tamu, isiyo na mtu ndani. Tharcisse alikuwa hajawahi kuisikia maisha yake yote. Wageni wakafurahi sana. Mama mmoja akapiga makofi, akidhani wamefanya mazoezi.

Tharcisse akaiweka pasi mezani.

"Madame Hilde. Huyu ni baba yangu. Yeye hachezi."

Makofi yakaisha. Uso wa Hilde ukawa mwekundu mpaka kwenye mikunjo. Akafungua kamba ya kidevu, vidole vikihangaika na fundo.

"Monsieur Kabeya," akasema, na sasa ilikuwa sauti yake ya kila siku. "Nisamehe. Mimi ni Hilde. Nilikuwa nimevaa kofia yako, nikajisahau."

Mzee akamgeukia mwanawe, akarudi kwenye Kiswahili. "Anasema nini? Juu ya nini amebadilisha sauti?"

"Ameomba pardon, papa."

"Ya nini? Alikuwa anafanya vizuri. We njo umeharibu théâtre."

"Ile sauti, papa. Ile yenu. Sikuipenda."

"Haukuipenda." Mzee akaketi, na alipoketi akawa tena mtu wa reli. "Ile sauti njo ilininunulia kinga. Nilikuwa naivaa asubuhi kwa portail, kwa geti ya Madame, jioni naiacha palepale, napanda kinga naenda. Mama yako haikumufikia hata siku moja. Nyinyi watoto pia. Uliisikia kwa nyumba?"

"Hapana, papa."

"Alors?" Akasogea karibu na simu mpaka likabaki jicho. "Pasi. Inaunguza."

Kweli, moshi mwembamba ulikuwa unapanda kwenye blanketi la meza. Tharcisse akaidaka pasi. Chini yake palibaki alama ya kahawia, umbo la mtumbwi. Alisimama ameishika, na moto ukampiga usoni, na akafikiria "oui, chef" zake kwa wakubwa wa hospitali, miaka ishirini ya "oui, chef", na tramu inayomrudisha jioni. Hakukumbuka kuiacha sauti ile popote. Alifikiria Michelle, ambaye husema mara nyingi kwamba mumewe hata nyumbani anaongea kama mtu aliye kwenye foleni.

"Alisema nini mzee?" akauliza yule mama aliyepiga makofi. Sasa aliuliza kwa aibu, kwa kutaka kujua kweli. Wengine pia walisubiri. Hilde alisubiri, kofia mkononi.

Tharcisse akaifungua pasi, akaangalia makaa. Alikuwa anatafuta sauti ya kujibia, na mbili alizokuwa nazo, ya Gustave na ya "oui, chef", hakuitaka hata moja.

"Amesema moto umezidi," akasema mwishowe, kwa sauti nzito kidogo kuliko alivyotarajia, na akatoka mlangoni kupunguza makaa. Simu aliiacha palepale kwenye chupa. Nyuma yake alimsikia Hilde akivuta kiti mbele ya simu, akimuuliza Monsieur Kabeya, taratibu, kama ana nafasi, amweleze tena habari za spoki.